Taa ya Kushoto, Barabara ya Bombo

Ipo Ijumaa moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na hadi leo pikipiki ikipita kona mbele yangu huwa naitupia jicho nione kama taa yake imezimwa. Tabia hiyo niliipata Kampala nikiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Tangu hapo nimekaa Mbale, nimekaa Kisumu, nimekaa Juba miaka miwili nikiendesha lori la maji, na sasa nimerudi Busia kwetu, sijui kwa muda gani. Miguu yangu haijawahi kuzoea mahali pamoja. Sijawa mzee wa kutembea na fimbo, nina arobaini na kitu tu, lakini jambo hili sitaki lingoje mvi.

Nilivuka mpaka kwenda Uganda baada ya kumaliza kidato cha nne. Vita vya themanini na sita vilikuwa vimepita zaidi ya miaka kumi, na mji ulijaa watu waliokuja kutafuta kazi kama mimi. Mimi niliipata Bwaise, kwa Mnubi mmoja aliyeitwa Mzee Rajabu. Alikuwa na tanuri la mikate nyuma ya nyumba yake, kando ya njia ya vumbi inayotoka upande wa Kasubi na kuingia Barabara ya Bombo. Kazi yangu ilikuwa kupakia mikate kwenye kreti, kuifunga nyuma ya pikipiki, na kuifikisha madukani Kalerwe, Kasubi na Kawempe kabla watu hawajanywa chai.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya Kijapani, kubwa, nyeupe. Iliachwa na wazungu wa misaada waliokuja baada ya vita, na Mzee aliinunua walipofunga ofisi. Ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye pikipiki nyingine mjini: indiketa iliyojizima yenyewe. Ukitaka kugeuka kushoto unasukuma swichi, taa inaanza kumetameta, unageuka, na ukishaenda mbele mita mia na zaidi inajizima bila kuguswa. Vijana wa boda waliosimama pale njia panda walikuja kuitazama. Mmoja wao, Musoke, alisema pikipiki hiyo ina akili kuliko mwenye nyumba wake.

Mzee Rajabu aliipenda sana taa hiyo. Mkono wake haukurudi kwenye swichi hata mara moja. Alikuwa akiendesha Ijumaa tu, kwenda Bombo kuswali na kumwona dada yake. Siku nyingine zote pikipiki ilikuwa mikononi mwangu.

Lakini kila jioni nilipoiegesha, Mzee alitoka nje, akainama mbele ya dashibodi, akasoma namba za kilomita kwa sauti ya chini, akaingia ndani. Hakuniuliza kitu. Alisoma tu na kuondoka. Mimi niliona ananichunga, na nilichukia.

Usinicheke, mwanangu. Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kuona barabara inaishia wapi. Saa tatu asubuhi mikate imekwisha, pikipiki iko chini yangu, tangi lina mafuta, na mbele kuna Mukono, kuna Mpigi, kuna Entebbe ambako ukisimama kando ya uzio unaona ndege zikishuka juu ya ziwa. Nitarudije nyumbani nikalale kwenye magunia ya unga? Tatizo lilikuwa zile namba.

Fundi mmoja wa Kalerwe akanionyesha dawa. Kwenye gurudumu la mbele kuna kebo inayopanda hadi kwenye spidomita, nayo imefungwa kwa nati ndogo. Ifungue, ivute kebo kidogo, na mshale unalala, na namba zinalala nao. Unaweza kwenda hadi mpaka wa Kongo na kurudi, dashibodi haijui. Ukikaribia nyumbani unairudisha, na umekuwa mtu wa Kalerwe na Kasubi tu.

Jambo moja fundi hakuniambia, pengine hakulijua. Siku ya kwanza nilipofungua ile kebo, nikiwa narudi kutoka Mukono, dereva mmoja wa teksi alinikaribia akapiga honi, akatoa kichwa dirishani: "Wee kijana, unageuka au unatangaza?" Nikatazama chini. Indiketa ya kulia ilikuwa bado inawaka, na nilikuwa nimegeuka zamani. Hapo ndipo nikaelewa. Ile taa ilijua kuzimika kwa sababu spidomita iliihesabia mwendo. Ukiinyima hesabu inadhani bado umesimama pale pale kwenye kona, nayo inakungoja.

Kwangu halikuwa jambo kubwa. Nilijifunza kuizima kwa kidole. Nilijua siri yake, basi nikaona yamekwisha.

Sasa nikueleze lugha ya barabara ile, ndipo utajua niliogopa nini baadaye. Madereva wa malori kwetu wanaongea kwa taa. Ukimfuata mwenzako kwenye mlima na huoni mbele, yeye anaona. Akiwasha ya kulia, anakwambia kaa hapo, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia pita, kweupe. Hakuna aliyeliandika popote, lakini watu wanaweka roho zao juu yake kila siku.

Alhamisi ya kabla ya Ijumaa ile nilikwenda Entebbe. Wakati wa kurudi mvua ilinikuta Kalerwe, na nilipoinama nyuma ya soko kuirudisha kebo, ile nati ikaniponyoka ikaanguka kwenye tope. Niliitafuta kwa vidole hadi nikaacha. Nikaisukuma kebo mahali pake na kuifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Kwa kuitazama ungedhani iko sawa, lakini haikushika kitu. Nikasema moyoni, kesho asubuhi nikipeleka mikate nitanunua nati nyingine, na Mzee anaondoka saa nne, muda upo.

Kesho yake duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Mwenyewe alikuwa kwenye mazishi. Nikarudi Bwaise nikifikiria pa kuipata, na kabla sijazima injini nikamwona Mzee Rajabu amesimama getini, kanzu amekwisha kuikunja kiunoni, kofia ya pikipiki mkononi.

"Leta hiyo," akasema. "Dada yangu ni mgonjwa. Nakwenda sasa hivi."

"Mzee, si mpaka saa nne?"

"Ugonjwa inajua saa nne?" Akashika usukani. "Mafuta iko?"

"Iko."

"Pikipiki iko sawa?"

Mwanangu, mahali nilipotakiwa kusema ni hapo. Maneno yalikuwa machache: Mzee, indiketa haijizimi, izime kwa mkono. Lakini angeuliza kwa nini haijizimi. Ningesema kebo imefunguka. Angeuliza nani kaifungua. Niliyaona maswali yote mawili yakiwa yamepanga foleni nyuma ya neno moja, nikasema, "Iko sawa, Mzee."

Akapanda. Akashuka ile njia ya vumbi, na alipofika lami akawasha indiketa ya kushoto, akageuka vizuri kama kawaida yake, akaenda. Nilisimama getini nikiitazama ile taa mpaka teksi zikaificha. Ilikuwa bado inawaka.

Nikaingia ndani nikaanza kuosha kreti. Nikajiambia ataiona mwenyewe. Nikakumbuka kwamba taa ya dashibodi ni ndogo na jua lilikuwa kali. Nikajiambia mshale wa spidi umelala, atashtuka, atasimama. Nikakumbuka kwamba mtu anayekwenda kwa mgonjwa hasimami kwa sababu ya mshale. Niliosha kreti moja mara tatu.

Ndipo Musoke akapita, ametoka kumshusha mteja, akasimama kwenye geti kuomba maji.

"Mzee wako nimekutana naye Kawempe," akasema. "Anakwenda porepore kama bibi arusi, taa ya kushoto inawaka tu. Nikamupungia mkono, akanijibu salamu. Anakwenda kushoto wapi, ssebo? Kushoto imekwisha."

Niliacha maji yakimwagika. Nikapanda nyuma yake.

"Rudi Kawempe. Mfuate."

"Nani anafuata nani?"

"Musoke, twende, nitakueleza."

Nilimweleza njiani, nikipiga kelele sikioni mwake juu ya sauti ya injini. Musoke akasema, "Na wewe umemwambia iko sawa?"

"Ongeza mwendo."

"Hii ni pikipiki ya boda, si ndege zako za Entebbe."

Tukapita Kawempe. Kila pikipiki nyeupe mbele yetu nilidhani ni yeye, na kila moja ilikuwa ya mtu mwingine. Malori ya kwenda kaskazini yalikuwa mengi, tukayapita kwa pembeni kwenye vumbi. Niliahidi vitu vingi kimoyomoyo. Niliahidi kutotoka tena Bwaise maisha yangu yote.

Tulimwona kwenye kilima kabla ya Matugga. Alikuwa anapanda taratibu katikati ya upande wake, kanzu imejaa upepo, na nyuma yake, mwanga mdogo wa rangi ya chungwa ukiwaka na kuzimika, ukiwaka na kuzimika, upande wa kushoto. Kati yetu na yeye kulikuwa na pikapu iliyobeba akina mama waliouza mboga Kalerwe tangu alfajiri, sasa wanarudi kwao na vikapu vitupu. Wengine walikuwa wanasinzia.

"Piga honi," nikamwambia Musoke.

Akapiga. Honi ya boda kwenye mlima ule ilikuwa kama kifaranga. Nilisimama juu ya vikanyagio nikipunga mikono yote miwili, nikimwita Mzee. Mama mmoja kwenye pikapu aliniona, akanipungia pia.

Mzee alikuwa amekaribia kileleni. Yeye ndiye aliyeona ng'ambo, na taa yake ilikuwa inasema pita, kweupe. Pikapu ikahamia upande wa kulia ili impite.

Lori la makaa likachomoza juu ya kilima.

Sikusikia breki. Niliona tu pikapu ikirudi kushoto ghafla, na mahali iliporudi palikuwa na Mzee Rajabu. Haikumgonga. Yeye mwenyewe aliikwepa, pikipiki ikatoka kwenye lami, ikaingia mtaroni, na kanzu nyeupe ikaruka juu ya usukani. Lori lilipita likipiga honi ndefu, likaenda zake. Vikapu vilibiringika barabarani. Mama mmoja alikuwa amedondoka chini, amekaa kwenye nyasi akishika kifundo cha mkono wake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Tulipofika, dereva wa pikapu alikuwa ameshashuka. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu. Vijana waliokuwa wakichoma matofali kando ya barabara walikuwa wanakuja mbio, na wengine bado walikuwa na mapanga ya kukatia kuni.

"Mzee, umenipa njia," dereva alikuwa anasema. "Nimebeba mama nane. Umenipa njia kwenye lori."

Mzee Rajabu alikuwa amekaa mtaroni, mkono wa kulia umelegea vibaya begani. "Mimi nimekupa njia?"

"Taa yako imesema pita."

"Sijawasha taa. Nimewasha kule Bwaise tu, na hii inajizima yenyewe." Alitazama nyuso zilizomzunguka, moja baada ya nyingine. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema, hata akibishana na wauza unga. "Wallahi. Naapa kwa Mungu, taa yangu haikuwaka."

Kijana mmoja wa matofali akacheka, akaonyesha kwa panga. Pikipiki ilikuwa imelala kwenye nyasi, injini imekufa, na taa ya kushoto ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Wote wakaiona. Mzee naye akaiona.

Akina mama wakaanza kusema kwa Kiganda, wote kwa pamoja, na nilielewa kiasi cha kutosha: mzee huyu anaapa mchana kweupe na taa inamwumbua. Duara likazidi kubana. Dereva akamshika Mzee ukosi wa kanzu.

Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya watu hao. Nitakuambia kweli, mwanangu, kwa sababu nisipokuambia hili mengine yote hayana maana. Nilitazama barabara. Pikipiki ya Musoke ilikuwa bado inanguruma. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilifikiria kwamba hakuna hapa anayenijua ila watu wawili, na Kenya haiko mbali.

Kisha nikasikia Mzee akisema tena, polepole sana sasa, kama mtu anayejiuliza, "Lakini inajizima."

Nikawasukuma watu nikaingia. "Mwacheni," nikasema. "Hajui. Mimi ndiye niliyefungua kebo. Asubuhi ameniuliza, nikasema iko sawa."

Dereva alimwachia Mzee akanipiga kofi ambalo lilinikalisha chini. La pili sikuliona lilikotoka. Nikasikia Musoke akiingia katikati na kofia yake ya plastiki kichwani.

"Ngoja, ngoja. Huyu nimemreta mimi. Nimemuketisha nyuma ya boda kutoka Bwaise anaria kama mbuzi. Mutu anakuja mwenyewe kusema, nyinyi munamupiga. Kesho nani atakuja kusema?" Akatazama vijana wa matofali. "Na mukimuvunja huyu pia, nani atatoa pikipiki mtaroni? Mimi? Mimi nina mugongo."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho nadhani ndicho kilichoniokoa. Mama aliyeanguka akainuka. Akafungua mshipi wa gomesi, vazi lake la Kiganda, kwa mkono mmoja mzima, akashuka mtaroni, akamfunga Mzee mkono kifuani. Dereva ndiye aliyewapeleka wote wawili hospitalini.

Mzee Rajabu hakunitazama alipokuwa akipandishwa kwenye pikapu.

Bega lilikuwa limevunjika. Dada yake, yule aliyekuwa mgonjwa, alipata nafuu akaja yeye Bwaise kumwangalia. Mimi sikujua kama nina kazi au sina, hivyo niliendelea kubeba mikate, safari hii kwa miguu, kreti kichwani. Siku ya tano Mzee akaniita. Alikuwa ameegemea mto, uso umepungua.

"Ile kebo, ulifungua kwa nini?"

"Kwa sababu ya kilomita, Mzee. Ulikuwa unasoma kila jioni. Niliona unanichunga."

"Nilikuwa nasoma kwa ajili ya oili," akasema. "Ikifika elfu moja, unabadilisha oili ya injini. Ukichelewa, injini inakufa." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Kama ulitaka kuona Entebbe, ungesema tu Entebbe."

Nilidhani amemaliza, nikageuka kutoka.

"Kesho nafunga," akasema. "Siku tatu."

Haukuwa mwezi wa Ramadhani. Mke wake, Mama Zaituni, aliyekuwa mlangoni na bakuli, akasema kwamba mtu mwenye bega lililovunjika hafungi, na sheikh mwenyewe amekuja jana na kusema hadaiwi kafara ya kiapo, kwa kuwa aliapa bila kujua.

"Sheikh amesema vizuri," Mzee akajibu. "Lakini ni mdomo wangu umesema wallahi, na taa ilikuwa inawaka."

Akafunga. Siku tatu nilibeba mikate nikijua kwamba kuna mtu kitandani, na mifupa yake haijashikana, hajaonja hata maji kwa ajili ya neno langu. Mimi ni Mkristo, sikujua ningemsaidiaje. Nilijaribu kufunga naye, na siku ya kwanza saa nane mchana nikala mkate. Jioni ya tatu Mama Zaituni alikuwa na wageni, akanipa uji nimpelekee. Adhana ilipoita, Mzee alitazama mkono wake wa kulia uliofungwa kifuani. Hakutaka kunywa kwa wa kushoto. Akanionyesha kwa kidevu nimshikie bakuli.

Nilimshikia. Alikunywa taratibu, akipumzika, akinywa tena, mpaka uji ukaisha. Akajifuta mdomo.

"Haya," akasema. "Mimi nimemaliza yangu."

Hakunifukuza. Nilikaa kwake mwaka mzima zaidi, na nadhani ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kutulia kwa mtu. Bega lile halikupona sawasawa. Hakuendesha tena. Ijumaa nilikuwa nampeleka Bombo mimi, amekaa nyuma, na hakuniuliza kamwe nimewasha nini au nimezima nini. Hilo lilinichoma kuliko makofi ya dereva.

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili. Chombo kikiwa cha watu wengi, iwe pikipiki, iwe mashine, iwe nyumba, na wewe ukakilegeza mahali kwa siri yako, siri hiyo haikai kwako. Yeyote atakayekipanda baada yako anaibeba bila kujua, na huenda akaiapia. Usijitulize kwamba wewe unajua namna ya kuiepuka. Wewe unajua, yeye hajui. Mwambie kabla hajaondoka. Ukishindwa kabla, mkimbilie, hata ukichelewa, hata ukipigwa. Na usidhani kila anayekutazama anakuchunga. Muulize anatazama nini. Pengine anatazama jambo ambalo ni la faida yako, na ukimwomba njia atakupa.

Makosa yatakupata, nami siwezi kuyazuia. Ninachokuombea ni kwamba yakikupata, uyabebe mwenyewe na mwingine asije akafunga kwa ajili yako. Mungu akulinde kila utakapokwenda, na awalinde wanaokuja nyuma yako wakiwa wameutazama mgongo wako na kuuamini. Amina.